Nini huvimbisha jeli? Mwongozo wa kupima nguvu ya ioni na viyeyushi kwa vifaa vya nyumbani

Punje nyeupe zilizofichwa katika pamba ya nepi za kutupa ni poliakrileti ya sodiamu. Ukizitia kwenye maji safi kabisa, hunywa maji ya mara 200 hadi 400 ya uzito wake. Ukizitia kwenye maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, hunywa mara 30 hadi 50 tu. Kwenye spiriti kali hazivimbi hata kidogo. Punje ni zilezile katika hali zote tatu. Kinachobadilika ni hali ya ioni ndogo zilizomo ndani yake, na mtu akishaelewa ioni hizo anaweza kukisia matokeo ya karibu kila jaribio kabla ya kuligusa.

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa kemia ambao maabara zao zina vifaa vichache, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wakulima wanaouziwa jeli ya kutunza unyevu kwenye udongo. Majaribio yote yanawezekana kwa vitu vya dukani.

Elewa ioni kabla ya kushika mizani

Poliakrileti ni polima: minyororo mirefu sana ya molekuli. Kila mnyororo umejaa vikundi vya kaboksileti, na kila kikundi kina chaji hasi moja. Kwa kila chaji hasi ipo ioni ya sodiamu yenye chaji chanya inayosawazisha hesabu. Ioni hizo za kusawazisha nitaziita ioni pinzani. Minyororo yenyewe imeunganishwa hapa na pale kwa vifungo vya kemikali, ndiyo maana jeli huvimba bila kuyeyuka. Jeli yoyote iliyojengwa namna hii, yaani minyororo yenye chaji pamoja na ioni pinzani zake, huitwa jeli ya polielektroliti.

Ioni ya sodiamu haikufungwa kwenye mnyororo. Inazurura majini. Lakini haiwezi kutoka nje ya jeli, kwa sababu ikitoka itaacha nyuma chaji hasi isiyo na mwenzake, na mvuto wa umeme utairudisha. Kwa hiyo ndani ya jeli ioni hujaa kuliko nje, na maji huingia ili kupunguza tofauti hiyo. Minyororo hunyooka, hunyooka tena, mpaka nguvu yake ya kujikunja ilingane na msukumo wa maji yanayoingia. Hapo uvimbe husimama. Frederick Donnan alieleza mwaka 1911 jinsi ioni zinavyogawanyika pande mbili pale ambapo baadhi yake haziwezi kuvuka. Paul Flory na John Rehner waliandika hesabu ya mtandao wa polima unaovimba mwaka 1943.

Watu wengi husema polima ndiyo inayopenda maji. Ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Jeli isiyo na chaji huvimba pia, lakini kwa kiasi kidogo mno ikilinganishwa na hii. Kazi kubwa hufanywa na ioni pinzani zilizo huru. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini jiulize swali moja: ioni pinzani ziko wapi sasa? Huenda ziko huru na nje hakuna ioni. Huenda ziko huru lakini nje nako kumejaa ioni, kwa hiyo tofauti imekwisha. Au zimeng'ang'ania mnyororo na hazizururi tena.

Hata kwenye maji safi si ioni zote zilizo huru. Mwaka 1969 Gerald Manning alionyesha kwamba mnyororo wenye chaji zilizosongamana huvuta sehemu ya ioni pinzani zikaukumbatia. Kwenye poliakrileti iliyojaa chaji, nafasi kati ya chaji na chaji ni kama nanomita 0.25, wakati umbali ambao mvuto wa umeme hulingana na nguvu ya joto katika maji ni kama nanomita 0.7. Gawanya: ni takribani theluthi moja tu ya sodiamu iliyo huru kweli. Theluthi hiyo ndiyo inayofanya maajabu yote ya nepi.

Hatua ya 1: Andaa vifaa

Unahitaji mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu 0.01, kama ile inayotumiwa kupimia dhahabu; soksi nyembamba za nailoni; vyombo vya plastiki vyenye mifuniko; chujio; na kalamu ya kuandikia lebo. Dukani nunua chumvi, sukari, siki nyeupe, bikaboneti ya soda ya kuokea na kipande cha shabu. Duka la dawa litakupa spiriti. Soma lebo ujue asilimia ya alkoholi. Duka la pembejeo litakupa mbolea ya nitrati ya kalsiamu, ile nyeupe inayoyeyuka yote majini.

Jambo gumu ni maji. Maji ya bomba yana kalsiamu na chumvi, na ya visima vya pwani vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe yana kalsiamu nyingi zaidi. Kuyachemsha hakutoshi, maana chumvi hubaki sufuriani. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Tumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, yaani maji yaliyoondolewa ioni. Hakikisha ni maji, si asidi ya betri; chupa zake hukaa rafu moja na asidi huunguza ngozi na macho. Ukikosa, kinga maji ya mvua moja kwa moja kutoka angani, mbali na paa, mvua ikiwa imeshanyesha kwa muda.

Hatua ya 2: Toa punje na utengeneze mifuko

Fungua nepi mpya, weka pamba yake kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, funga mdomo, kisha tikisa na kusugua kwa nje. Punje zitashuka kwenye kona. Zichekeche kuondoa nyuzi za pamba. Usizipulize wala kuvuta vumbi lake, na funika pua kwa barakoa: punje hizi hukausha njia ya hewa. Watoto wadogo wasiwe karibu, hasa kama unatumia shanga za jeli za rangi, kwa sababu mtoto akimeza shanga, shanga hiyo huvimba tumboni na inaweza kuziba utumbo.

Pima gramu 0.5 kwa kila mfuko. Weka kwenye kipande kirefu cha soksi, funga, ukiacha nafasi kubwa. Soksi ikibana, utakuwa umepima nguvu ya soksi. Tengeneza mfuko mmoja mtupu pia, kwa ajili ya kutoa uzito wa soksi iliyolowa. Viwanda hupima kwa njia inayofanana na hii, kwa mifuko kama ile ya majani ya chai na maji ya chumvi ya asilimia 0.9.

Hesabu ni hii: toa uzito wa mfuko mtupu uliolowa, toa gramu 0.5 za punje, kilichobaki gawanya kwa 0.5. Jibu ni gramu za maji kwa kila gramu ya punje.

Hatua ya 3: Kipimo cha msingi

Zamisha mfuko mmoja kwenye lita moja ya maji ya betri kwa saa mbili. Utoe, uutundike dakika 10 utiririke, upime. Tegemea gramu 100 hadi 200 za jeli. Urudishe majini, upime tena baada ya saa moja. Uzito ukibadilika sana, subiri zaidi. Muda wa kuvimba hukua kwa mraba wa ukubwa wa punje, kwa hiyo shanga ya milimita 10 huhitaji muda wa mara 100 kuliko punje ya milimita 1. Anayepima shanga kubwa kwa saa mbili anapima mwendo wake tu, hajafikia mwisho wake.

Hatua ya 4: Chumvi dhidi ya sukari

Jaribio hili ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa kufanya moja tu darasani. Tengeneza miyeyusho miwili kwa maji ya betri: mmoja una gramu 9 za chumvi kwa lita, mwingine gramu 105 za sukari kwa lita. Idadi ya chembe zilizoyeyuka katika miyeyusho hii ni karibu sawa, kama moli 0.3 kwa lita. Mwanafunzi aliyezoea jaribio la vipande vya viazi vinavyonywea kwenye maji ya chumvi au ya sukari atasema yote miwili itainyonya jeli maji kwa kiasi kilekile.

Haitakuwa hivyo. Kwenye sukari jeli itavimba karibu kama kwenye maji safi. Kwenye chumvi itaishia gramu 15 hadi 25. Sukari haina chaji, hivyo huingia ndani ya jeli na kutoka bila kizuizi, na ukolezi wake hulingana ndani na nje. Chumvi huzuiwa: ioni ya kloridi yenye chaji hasi haitakiwi ndani kulikojaa chaji hasi, kwa hiyo ioni nyingi hubaki nje na kufuta ile tofauti iliyokuwa inavuta maji.

Ukiwa na muda, panga mlolongo wa chumvi: gramu 0.1, 1, 10, na 35 kwa lita. Ukolezi ukipanda mara kumi, uvimbe hushuka takribani mara mbili hadi nne. Wa mwisho unakaribia chumvi ya maji ya bahari. Lakini ukilinganisha na maji halisi ya bahari utaona jeli imesinyaa zaidi, kwa sababu bahari ina pia magnesiamu na kalsiamu. Hapo tunafika kwenye ioni pinzani zenyewe.

Hatua ya 5: Badilisha ioni pinzani kwa kalsiamu

Kalsiamu ina chaji mbili. Ikiingia, moja huchukua nafasi ya sodiamu mbili, kwa hiyo idadi ya ioni zinazovuta maji hupungua kwa nusu papo hapo. Tena haizururi kama sodiamu: hukumbatia vikundi viwili vya kaboksileti, mara nyingine vya minyororo tofauti, ikawa kifungo kipya. Jeli hupoteza msukumo na wakati huohuo hupata vifungo zaidi.

Kuna tofauti moja ambayo hata waliosoma kemia huikosa. Kwa chumvi ya kawaida, kinachotawala ni ukolezi. Kwa kalsiamu, kinachotawala ni jumla ya kalsiamu iliyopo ikilinganishwa na kiasi cha jeli, kwa sababu jeli huikusanya hata kutoka kwenye maji yenye kalsiamu kidogo. Lithibitishe hivi. Yeyusha gramu 0.5 za nitrati ya kalsiamu katika lita moja ya maji ya betri. Tengeneza mwingine wa gramu 0.4 za chumvi kwa lita. Nguvu ya ioni ya miyeyusho hii miwili, yaani kipimo kinachojumlisha ukolezi wa ioni na chaji zake, inakaribiana. Kisha weka mifuko minne: kalsiamu kwa lita nzima, kalsiamu kwa mililita 200, chumvi kwa lita nzima, chumvi kwa mililita 200.

Mifuko miwili ya chumvi itakaribiana kwa uzito. Miwili ya kalsiamu itaachana sana, ingawa ukolezi ulikuwa mmoja. Sababu iko kwenye hesabu. Gramu 0.5 za punje za nepi zina sodiamu kama milimoli 4.2, kwa kuwa kwa kawaida robo hivi ya vikundi vyake huachwa katika hali ya asidi. Kuibadilisha yote kunahitaji kalsiamu milimoli 2.1, yaani miligramu 85. Mbolea hii ina kalsiamu kama asilimia 19, basi gramu 0.5 zina miligramu 95: zinatosha. Mililita 200 zina miligramu 19 tu, ambazo hubadilisha chini ya robo ya sodiamu, na zilizobaki zinaendelea na kazi.

Mfuko wa lita nzima uuangalie kila dakika chache mwanzoni. Aghalabu huvimba kwanza, kisha husinyaa. Maji huwahi kuingia, kalsiamu hufuata polepole ikizifukuza sodiamu. Anayepima mara moja tu, mapema, ataandika kwamba kalsiamu haina madhara.

Hatua ya 6: Siki na shabu

Tia mfuko uliokwisha kuvimba kwenye siki. Utasinyaa. Ioni ya hidrojeni hujiunga na kaboksileti kuwa kikundi kisicho na chaji, kwa hiyo chaji na ioni pinzani huru hutoweka pamoja. Suuza, loweka kwenye kijiko cha bikaboneti ya soda katika lita moja ya maji ya betri mpaka viputo viishe, kisha hamishia maji ya betri yenyewe, ukiyabadilisha mara mbili au tatu. Jeli itavimba upya.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa gramu moja ya shabu katika lita. Shabu hutoa aluminiamu yenye chaji tatu. Jeli hugeuka ngumu, nyeupe, ndogo, na kusuuza kwa maji hakuirudishi. Jeli ya kalsiamu hurudi kwa sehemu ukiiloweka kwenye maji mazito ya chumvi na kuisuuza mara kadhaa, maana sodiamu zikiwa nyingi mno huzisukuma kalsiamu nje. Ya shabu hung'ang'ana.

Hatua ya 7: Badilisha kiyeyushi

Mpaka hapa tumebadilisha ioni ndani ya maji. Sasa acha ioni, badilisha maji. Zima moto wote chumbani, fungua madirisha, kwani spiriti hushika moto upesi.

Andaa michanganyiko ya spiriti na maji ya betri yenye alkoholi ya asilimia 0, 20, 40, 60 na 70 au zaidi kwa ujazo. Katika kila mmoja weka mfuko mkavu na mfuko uliokwisha kuvimba kwa maji. Ule uliovimba unabeba maji yake, hivyo badilisha mchanganyiko mara mbili la sivyo utakuwa umeuzimua. Mifuko miwili ikifikia uzito unaokaribiana, umefika mwisho wa kweli; ikitofautiana, subiri.

Jeli haitapungua kwa mstari ulionyooka. Itavumilia, itavumilia, kisha katika eneo fulani, mara nyingi karibu na nusu kwa nusu, itaanguka: hutema maji, hugeuka nyeupe na kukakamaa. Toyoichi Tanaka wa chuo cha MIT huko Marekani alichapisha mwaka 1978 kipimo cha jeli za poliakrilamaidi, polima jamaa ya poliakrileti, ndani ya mchanganyiko wa maji na asetoni, akaonyesha kwamba badiliko dogo la kiyeyushi linaweza kuangusha ujazo wa jeli ghafla, na kazi zilizofuata zilionyesha kuwa chaji kwenye mnyororo ndizo zinazoukuza mruko huo hadi mara mia kadhaa.

Sababu ni mbili, nazo huenda pamoja. Kwanza, spiriti si mwenyeji mzuri wa mnyororo huu, na minyororo huanza kupendana yenyewe kwa yenyewe. Pili, na ndilo la maana zaidi kwetu, spiriti haiwezi kuzitenganisha chaji. Maji hudhoofisha mvuto kati ya chaji mara 78 hivi kwenye joto la nyuzi 25. Ethanoli, yaani alkoholi ya kwenye spiriti, mara 24. Asetoni mara 21. Ule umbali wa nanomita 0.7 unakuwa kama 2.3 katika ethanoli tupu. Sodiamu iliyokuwa huru inanaswa na kaboksileti, wanakuwa jozi, na jozi nazo huvutana na jozi nyingine mpaka zinakuwa vifungo. Ioni hazijatoka ndani ya jeli, zimeacha tu kuzurura.

Rudia mchanganyiko wa asilimia 40 ukiongeza chumvi kidogo: anguko hutokea mapema zaidi. Ukiibadilisha sodiamu kwa potasiamu, mahali pa anguko husogea pia, ingawa katika maji matupu ioni hizo mbili ungeziona karibu sawa. Tofauti za ukubwa wa ioni na namna inavyoshika maji yake huonekana zaidi pale kiyeyushi kinapokuwa dhaifu.

Mantiki hii ikigeuzwa huzaa kitu kizuri. Ukitumia ioni pinzani kubwa, yenye mikia ya kaboni, haiwezi kukaribia mnyororo vya kutosha kunaswa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walitengeneza jeli za namna hiyo zinazovimba mara mia kadhaa ndani ya viyeyushi vya mafuta, mahali ambapo punje zetu za nepi zingekaa kama mchanga.

Hatua ya 8: Kutupa

Usimwage jeli kwenye sinki, itaziba bomba. Inyunyizie chumvi nyingi, isubiri iteme maji, mwaga maji hayo, kisha tupa mabaki kwenye takataka. Jeli iliyomwagika sakafuni huteleza vibaya, nayo pia itie chumvi kabla ya kufagia.

Hatua ya 9: Kwa mkulima

Jeli ya shambani kwa kawaida ni ya potasiamu, lakini kanuni ni hizihizi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti mara nyingi ni ya maji safi. Pima mwenyewe: weka gramu 0.5 kwenye lita moja ya maji ya kisima chako, upime baada ya saa mbili. Mwaga, weka lita nyingine ya maji yaleyale, pima tena. Rudia mara nne au tano. Kila umwagiliaji huleta kalsiamu mpya, na kwa kuwa jeli huikusanya, namba ya kwanza haikuambii itakavyokuwa katikati ya msimu. Kama unatumia mbolea ya nitrati ya kalsiamu, rudia kwa maji yenye mbolea kwa kipimo unachotumia shambani. Kumbuka pia kwamba chini ya udongo jeli hubanwa, kwa hiyo shambani itanywa pungufu ya ulichopima kwenye chombo.

Kisha piga hesabu. Tuseme pakiti inasema mara 300 na wewe unaweka gramu 2 kwa shimo: ungetegemea gramu 600 za maji. Kama baada ya maji ya tano kipimo chako kimeshuka hadi mara 40, kila shimo linatunza gramu 80, chini ya nusu kikombe. Gawanya bei ya gramu hizo 2 kwa maji hayo, ulinganishe na gharama ya kuweka matandazo ya nyasi kavu kwenye shimo hilohilo, ndipo uamue kununua.